Amplifaya ya Baba Sebuleni, Umeme na Watoto Wetu

SEHEMU YA 1: NI KITU GANI HASA

Wiki hii tuache kidogo uji wa lishe na chanjo. Nataka tuongelee mashine ya muziki. Msikimbie! Kama kwako kuna sabufa, redio ya zamani, tivi ya kichogo au ekstensheni inayopita chini ya zulia, haya yanakuhusu. Mimi nimejifunza kupitia amplifaya ya mume wangu, wewe utajifunza kupitia chochote ulichonacho.

Kwetu kuna watoto wawili. Neema ana miaka 6. Baraka ana miezi 11, na sasa anasimama kwa kushika chochote kilicho mbele yake. Halafu kuna amplifaya ya gitaa la besi, ya valvu, ambayo baba yao anaifuta vumbi kuliko anavyofuta viatu vyake.

Kwa wasiojua valvu: ni zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu. Unawasha, unasubiri zipate moto, ndipo sauti inakuja. Transista ziliposambaa, redio zikawa nyepesi na valvu zikasahaulika. Ila wapiga gitaa hawakuziacha. Leo Fender wa Marekani alitoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya ya valvu ya kulibebea sauti, Bassman. Mwaka 1960 Ampeg wakatoa B-15, ambayo kichwa chake ukimaliza kupiga unakigeuza kinaingia ndani ya boksi. Mwaka 1969 hao hao wakatoa SVT yenye wati 300 na valvu 14. Hadi leo viwanda vinatengeneza mashine mpya kwa mtindo wa hizo za zamani, maana valvu ukiisukuma haipasui sauti ghafla. Inainenepesha taratibu, inakoroma kwa upole. Baba Neema anasema besi ya transista inasikika, ya valvu inakaa kifuani.

Yetu ni ya namna hiyo, mpya iliyoigiza ya zamani. Aliinunua kwa mwanamuziki aliyerudi nyumbani baada ya kupiga hotelini Muscat kwa miaka kadhaa. Ina kichwa chenye valvu ndogo tatu na kubwa mbili, wati 50, kinachokaa juu ya boksi lenye spika moja ya inchi 15. Kichwa peke yake mimi sikibebi.

Najua swali linalokuja: "Dada, si muuze tu?" Tulia, nitakujibu. Mkataba wa Baba Neema kiwandani ulipoisha, besi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba miezi minne mfululizo. Harusi Jumamosi, kanisani Jumapili, hotelini Ijumaa. Na tuko Morogoro, mji wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Marehemu baba mkwe alikulia kwenye kumbi hizo, na mwanawe alijua besi kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo hicho kitu kwetu ni jembe, na pia ni kumbukumbu. Huwezi kumwambia mtu auze jembe lake bila kumwonyesha atalima na nini.

SEHEMU YA 2: ILIPOANZA KUUMWA

Baraka alikuwa na miezi 7, anajivuta kwa tumbo, wiki chache tu kabla ya kutambaa. Mashine ikaanza kuvuma. Mmmmmm. Hata gitaa likiwa limening'inia ukutani, spika inavuma kama nyuki ndani ya mzinga.

Baba Neema akatandika mkeka, akatafuta bisibisi. Nikamwambia, "Baba Neema, subiri. Hata mgonjwa hafunguliwi tumbo siku ya kwanza." Wodini mtoto akiletwa hatuanzi na dawa. Tunauliza: imeanza lini? Inazidi wakati gani? Kuna kitu kingine kimebadilika? Halafu tunaangalia, tunasikiliza, tunagusa mwisho.

Tukaifanyia hivyo hivyo, bila kufungua hata skrubu moja. Hatua hizi mtu yeyote anaweza kuzifuata:

Kwanza, tulichomoa waya wa gitaa. Mvumo ukikata, tatizo liko kwenye gitaa au waya. Wetu haukukata.

Pili, tulishusha kitufe cha sauti hadi sifuri. Mvumo ukishuka pamoja na sauti, unatokea mwanzoni, kwenye valvu ndogo. Ukibaki vilevile, unatokea nyuma huko, kwenye valvu kubwa au kwenye njia ya umeme. Wetu ulibaki vilevile.

Tatu, tulizima friji, tukachomoa chaja za simu, tukahamia soketi nyingine. Wakati mwingine kelele inatoka kwenye nyaya za nyumba, mashine inasingiziwa tu. Hakuna kilichobadilika.

Nne, tulizima taa ya sebuleni tukaangalia valvu gizani. Valvu nzima huwaka kidogo katikati, rangi ya chungwa, kama kaa la moto linaloisha. Hilo ni sawa. Ila zile kubwa mbili zilikuwa zinaiva kwenye bati la kijivu linalozunguka katikati, na moja ilikuwa nyekundu zaidi ya mwenzake. Hapo Baba Neema alizima haraka. Bati la valvu likiwa jekundu ujue inakunywa umeme kupita uwezo wake, na ukiiacha itakufa, na inaweza kufa na transfoma.

Ukiwa na valvu kwenu, angalia pia lile doa la fedha juu ya kioo, kwa ndani. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Hiyo haina matibabu, ni kubadilisha.

Basi tukawa na dalili mbili: mvumo usioshuka na homa kwenye valvu zote mbili. Mimi nikamwambia, watoto wawili wa nyumba moja wakiharisha usiku mmoja, usiwape lawama watoto. Tafuta walichokula pamoja.

SEHEMU YA 3: MZEE FUNDI NA MKONO WAKE MFUKONI

Hapa ndipo nilipoweka sharti. Nilisema mashine hii haifunguliwi kwenye mkeka anaolala mwanangu, na Baraka akianza kutambaa kabla haijawa salama, itahamia kwa mtu mwingine. Baba Neema alinyamaza siku mbili. Mnaijua ile kimya ya mwanaume, chakula anakula lakini hasemi kitamu. Siku ya tatu akasema, "Twende kwa mzee."

Mzee ni fundi redio wa zamani, umri wa baba yangu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mgonjwa yuko wapi?" Nikampenda hapo hapo.

Kilichonifurahisha ni namna anavyofanya kazi. Alichomoa plagi, akaiweka juu ya meza mahali anapoiona. Hakugusa kitu. Akachukua kipimo, akapima ndani. Mashine imechomolewa, imebebwa kwenye bajaji, imekaa nusu saa, na bado kipimo kikaonyesha volti zaidi ya 300!

Wamama, someni hapo mara mbili. Ndani ya mashine hizi kuna kapasita, vile vikopo vya mviringo vinavyohifadhi umeme kama tanki la maji juu ya paa. Ukifunga bomba la mtaani, tanki halijaisha maji. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, lakini transfoma ya ndani inaupandisha, na kwenye mashine yetu kapasita zinakaa na volti kama 430. Kuchomoa plagi hakuziondoi. Tivi za kichogo nazo zinaweza kubaki na umeme ndani, na oveni za maikrowevu pia. Ndiyo maana mtoto, au baba mwenye bisibisi na ujasiri, hana kazi ndani ya kitu kama hicho hata kikiwa kimezimwa.

Mzee akamwaga umeme ule taratibu kupitia rizista kubwa yenye waya uliofunikwa vizuri, akapima tena mpaka kipimo kikakaribia sifuri. Muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, unapita wapi?" Nikajibu, "Kifuani, kwenye moyo." Akasema, "Basi mkono mmoja ukae nyumbani." Sisi wa hospitali tunajua umeme unavyoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Yeye aliijua hiyo sayansi kwa mkono mfukoni, na amezeeka nayo.

Kumbe tatizo lilikuwa kikapasita kidogo tu. Valvu kubwa zinahitaji umeme wa upande wa hasi unaofanya kazi ya breki, ili zisipitishe umeme mwingi mno. Kile kikapasita kilichotakiwa kuutuliza umeme wa breki kilikuwa kimekauka. Breki ambayo ilitakiwa iwe karibu volti hasi 48 ilikuwa hasi 31. Gari linashuka mlima, breki imelegea: valvu zikapata homa, mvumo ukapita. Ugonjwa mmoja ukaeleza dalili zote mbili.

Kikapasita chenyewe ni bei ya soda mbili tatu. Valvu kubwa mbili mpya ndizo zilizouma, karibu laki mbili pamoja na usafiri. Mzee alisema zinunuliwe jozi iliyopimwa pamoja, zisije zikavutana kama ng'ombe wawili wasiolingana kwenye jembe.

SEHEMU YA 4: TULICHOBADILISHA, NA KWA NINI

Wapiga gitaa wakisema wamebadilisha amplifaya, mara nyingi ni kwa ajili ya sauti. Sisi tulibadilisha kwa ajili ya Baraka. Sauti ilikuja kunufaika yenyewe. Haya ndiyo mzee aliyoyafanya, na mengine tuliyafanya nyumbani.

Moja, ethi. Plagi ya pini tatu ilikuwepo, lakini ndani yake kulikuwa na nyaya mbili tu! Waya wa ethi ulikatwa zamani na mtu tusiyemjua, pengine kukwepa mvumo. Ethi ndiyo inayoupeleka umeme ardhini kama waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma. Bila ethi, bodi inakaa na umeme ikimsubiri mtu. Na kwenye gitaa la umeme, bodi ya amplifaya inaungana na nyuzi unazozishika! Hili si hadithi. Mwaka 1972 huko Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni isiyo na ethi akiwa jukwaani, akafa. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake kwa gitaa lisilo na ethi sawasawa. Kama mumeo au mwanao anaimba kwaya na anasema "maikrofoni inanichomachoma mdomoni", usicheke. Hiyo ni onyo. Aache mpaka fundi umeme aangalie.

Mzee akaweka waya mpya wa nyuzi tatu, ethi ikafungwa kwenye bodi kwa nati yake yenyewe.

Mbili, fyuzi. Iliyokuwemo ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi kazi yake ni kufa ili nyumba isife. Ukiizungushia karatasi umemwambia mlinzi alale. Tukaweka ya ampea inayotakiwa, na mbili za akiba kwenye droo.

Tatu, rizista za kumwaga umeme. Hizi nimezipenda kuliko vyote. Mzee alizifunga kwenye kapasita ili kila mashine inapozimwa, tanki lijimwage lenyewe. Alipima mbele yetu: ndani ya dakika mbili volti 430 zilishuka hadi chini ya 10. Hata hivyo alisema, "Zipo, lakini fundi anapima kila siku. Usimwamini mlinzi usiyemwona."

Nne, kizimba cha chuma nyuma. Kioo cha valvu kubwa kinaweza kupita nyuzi joto 200. Maji yanayochemka ni 100. Kiganja cha mtoto hakihitaji hata sekunde nzima. Kizimba chetu kimetobolewa matundu madogo yasiyopitisha kidole cha Baraka. Tulikipimia kidole chenyewe, akicheka.

Tano, kuanguka. Watu wanaogopa umeme, wanasahau uzito. Mtoto anayejifunza kusimama anavuta. Kichwa tumekishusha chini, kimefungwa mkanda kwenye boksi, na boksi limefungwa ukutani. Tivi yako ya bapa je, imefungwa? Kabati la vyombo je?

Sita, mzigo bandia. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika kuunganishwa, transfoma ya mwisho inaweza kuungua. Kwa hiyo huwezi kuchomoa spika ili upige kimya usiku. Mzee alitengeneza boksi dogo lenye rizista kubwa ya omu 8 inayojifanya spika, na tundu la kutolea sauti kidogo kwenda kwenye hedifoni. Umeme unageuka joto badala ya kelele. Boksi hilo nalo linapata moto, kwa hiyo liko juu ya kabati. Sasa baba anafanya mazoezi saa tatu usiku na watoto wanakoroma.

SEHEMU YA 5: RISASI, MIKONO NA KITUFE KIDOGO

Risasi ya kulehemia inayotumika sana hapa ina madini ya risasi, yale yale yanayoharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Watu wanahofia moshi, na kweli moshi ule unawasha kifua, hasa kwa mwenye pumu. Lakini kwa watoto wetu njia kubwa ni mkono kwenda mdomoni. Vumbi na vitone vinadondoka kwenye zulia, mtoto anatambaa, anajilamba.

Kwa hiyo kwetu hakuna kulehemu ndani. Ni kwenye banda la nje, juu ya bati, na meza inafutwa kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kunarusha vumbi. Baba ananawa kwa sabuni na kubadilisha shati kabla ya kumbeba mtoto. Kama mumeo ni fundi redio, fundi simu au fundi betri za gari, mwambie hili kwa upole: anawe kwanza, akumbatie baadaye.

Na jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Vile vifaa vidogo vya kubana kwenye gitaa ili kulipima sauti, vingi vinatumia betri bapa kama sarafu. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2. Iko pia kwenye rimoti ndogo, mizani, midoli inayoimba na kadi za muziki. Ukihisi mtoto ameimeza, usimtapishe, usisubiri choo. Hospitali, muda huo huo, hata kama anacheka.

SEHEMU YA 6: MASIKIO

Mashine ilipoletwa nilikuwa na mimba ya Baraka. Sauti nzito kama za besi zinapita kwenye tumbo la mama kwa urahisi kuliko sauti kali, na kuanzia karibu wiki ya 24 mtoto tumboni anaitikia sauti. Kusikiliza muziki nyumbani si kosa. Ila mjamzito asiegemee spika, asikae mbele ya spika ukumbini saa nzima. Nilikaa mbali, nikiwa na kiti changu karibu na mlango.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Tumezaliwa navyo, na vikifa havioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa mtu mzima kazini. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima.

Nilipima kwa programu ya simu. Si kipimo cha hospitali, lakini kinakupa picha. Kwenye kochi letu, baba akipiga kama anavyopiga harusini, simu ilisoma 94. Sikumgombeza, nilimwonyesha tu simu. Tukapanga: spika kubwa inapigwa watoto wakiwa kwa bibi au shuleni. Neema akienda kwenye shughuli anavaa vifunika masikio vya watoto, vile vinavyofunika sikio lote. Pamba haitoshi, na kwa mtoto mdogo inaweza kukwama. Meza ya familia kwenye harusi isiwe mbele ya spika. Wanakamati mnisikie.

Mpeleke mtoto kliniki akapimwe kama hashtuki kwa kishindo akiwa mchanga, kama miezi 6 imepita hageukii sauti yako, au kama anakaribia mwaka hajaanza ba-ba-ba na ma-ma-ma. Usisubiri uambiwe "atachelewa tu, hata baba yake alichelewa kuongea."

SEHEMU YA 7: IKITOKEA

Mtoto akishikwa na umeme, usimrukie. Najua moyo wa mama, lakini ukimgusa mnakuwa wawili. Zima meni swichi kwanza. Kama huifikii, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, mpini wa ufagio wa mbao au kiti cha plastiki, wewe ukiwa umesimama pakavu. Akishaachana na umeme, angalia kama anaitika na kama anapumua. Kama hapumui, piga kelele upate msaada na anza kumbana kifua na kumpa pumzi kama ulivyofundishwa. Hujafundishwa? Uliza kliniki au hospitali iliyo karibu nawe.

Ameungua? Maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya taa, hapana. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Jeraha la umeme linaweza kuonekana kama punje nje na kuwa refu ndani, na moyo unaweza kuhitaji kupimwa. Na aliyetafuna waya akaungua pembeni ya mdomo, kuweni macho kwa wiki mbili. Gamba likibanduka siku ya 5 hadi ya 14 hivi, mshipa unaweza kumwaga damu ghafla. Bana kwa kitambaa safi kwa vidole viwili, ndani na nje ya mdomo, kimbia hospitali.

Na ile ya wahenga kwamba mtoto akililia wembe mpe, wahenga hawakuwa na ekstensheni. Sisi tumpe kitu kingine. Baraka ana sufuria na mwiko wake, naye ni mwanamuziki wa nyumba hii.

Sharti langu lilitimia siku nne kabla hajatambaa. Mashine imebaki, kodi inalipika, na Baba Neema ameanza kusema chakula kitamu tena. Tulichofanya hakikuwa uchawi: tuliuliza kabla ya kufungua, tukatafuta fundi anayeogopa umeme kwa heshima, tukatumia pesa kwenye usalama kabla ya urembo.

Kazi yenu ya leo ni ndogo. Watoto wakilala, piga magoti sebuleni na utembee kwa magoti nyumba nzima, ukiiangalia kwa urefu wa mtoto wako. Shika anachoweza kushika, vuta anachoweza kuvuta. Baba naye apige magoti, asikae kwenye kochi kuangalia mpira. Orodhesheni vitu vitatu vya kurekebisha kabla ya Jumapili.

Usiku mwema. Nesi wenu, Mama Neema.